Kilalo cha Miti Nyuma ya Mulekera

Mama na papa, ndugu zangu, na ninyi vijana muliobanana kule karibu na mlango, amani ya Bwana iwe kwenu. Mchungaji aliniomba niseme kidogo. Mimi ni mtu wa mbao. Hapa Kimemi wengi munanijua kwa kelele ya msumeno wangu tu, basi munivumilie nikikosa maneno. Sitataja jina la mtu. Walionisaidia hawapendi sifa, na walionitesa nao wana watoto.

Nilizaliwa Beni, Mulekera. Wakati wa vita, mji ukiwa mikononi mwa waasi, nilikuwa skuti. Kila Jumamosi, siku ya posho, tulivaa shati la kaki na fulari, kitambaa cha skuti, shingoni. Shefu wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, papa mmoja mwembamba ambaye hakuona haya kutembea barabarani na kaptula. Ili upate cheo cha juu kabisa, ilipaswa ufanye kazi moja kubwa ya kusaidia watu, uipange mwenyewe na uimalize mwenyewe. Mimi na rafiki yangu, jirani niliyekua naye mlango kwa mlango, tulichagua kujenga kilalo, daraja la miti la kupita kwa miguu.

Nyuma ya kartie, mtaa wetu, kulikuwa na mto mdogo, na ng'ambo yake mashamba ya mihogo na kakao. Mvua ikinyesha, maji yalifika kifuani. Mama mmoja mjamzito alikuwa anavushwa pale juu ya tipoyi, machela ya miti, wabebaji wakateleza. Yeye aliokoka. Mtoto hapana. Mama wa rafiki yangu alikuwa kati ya wale waliombeba. Alirudi na nguo zimelowa, akakaa chini, akatuangalia sisi wawili.

"Kila siku ya posho munaimba kama mutasaidia batu," alisema. "Basi, muto ule pale."

Shefu alikwenda biro, ofisi ya wakubwa wa askari, kuomba ruhusa, akapewa. Tukakata miti, tukaikokota mpaka mtoni, tukaanza. Lakini wakati ule askari walibadilishwa mjini kama mtu anavyobadilisha shati. Waliotoa ruhusa waliondoka, wakaja wengine wasiotujua.

Ilikuwa asubuhi. Tulikuwa tunafunga kamba, tukasikia mihogo inavunjika nyuma yetu. Askari. Ndugu zangu, mujiweke kidogo mahali pao: waliona vijana wawili pembeni ya msitu, shati moja, fulari moja, panga, kamba, filimbi shingoni.

"Yaka, petit, kuja hapa. Mukubwa yenu iko wapi?"

"Shefu yetu iko ku masomo," rafiki yangu alijibu, kwa heshima kabisa.

"Aa. Donc, basi, muko na shefu."

Neno lile ndilo lilitufunga: walidhani shefu ni komanda wa wapiganaji wa msituni. Tulieleza kilalo, tulieleza skuti, hakuna aliyesikia. Walitutia katika kontena la chuma, jua likiwaka juu yake, na kutoka hapo tukafanywa wabebaji. Tulibeba masanduku kuelekea upande wa Oicha. Ukiweka mzigo chini bila kuambiwa, kitako cha bunduki kinakuamsha. Kisiki kilinichoma mguu, ukavimba mpaka ukafanana na kiazi kilichooza. Rafiki yangu alichukua sehemu ya mzigo wangu na kuiongeza juu ya wake.

Siku moja komanda wao aliuangalia mguu wangu kama mtu anavyoangalia mbuzi sokoni.

"Huyu hana kazi. Arudi. Ule mwingine iko na mabega."

Rafiki yangu aliniambia tu, "Enda. Ambia mama niko muzima."

Nawaambia ukweli, mguu ulipona. Mimi sikupona. Pikipiki ikipita kwa nguvu, mimi chini ya kitanda. Mama yangu alifua shati langu la kaki, akalianika, nikamwomba alitoe machoni pangu. Nilikuwa na njia ya kulala: kasiksi, pombe ya ndizi, tangu asubuhi. Shefu alikuja kuniombea. Alikuwa amevunjwa jino kambini, kwa sababu alikwenda kutuulizia, akapigwa, akarudi tena kutuulizia. Nami nilimgeuzia mgongo nikaangalia ukuta. Na mama wa rafiki yangu, jirani wa mlango wa pili, nilikuwa nikisikia sauti yake uani, sitoki. Nilijua atakachoniuliza: kwa nini wewe ulirudi na wangu hapana.

Halafu akaingia. Hakubisha hodi. Kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

"Miti yenu, batu banaanza kuipasua kuni," alisema. "Na mvua iko karibu. Simama, tuibebe."

"Mama, siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Simama."

Nilisimama. Sijui kwa nini, labda kwa sababu hakunihurumia. Siku ile ya kwanza tulisogeza mti mmoja, nikarudi nyumbani kulia. Kesho yake alikuja tena. Shefu naye akaja, akashika ncha ya kamba. Sasa, mtu ambaye mikono inatetemeka hawezi kufunga fundo. Nilijaribu nikashindwa, nikajaribu nikashindwa. Ilibidi nichague kati ya fundo na kikombe. Sikuchagua siku moja, ndugu zangu. Kuna siku kikombe kilishinda. Lakini kilalo kiliendelea.

Kilikuwa karibu kwisha, kimebaki kiegemeo cha mkono upande mmoja, askari waliporudi. Mchana mweupe. Na aliyetangulia alikuwa komanda yule yule.

"Nani alijenga hii?"

Akaitikisa kamba kwa mkono.

"Batu ya msitu batapita hapa kuingia mu mji. Petit, uko na panga. Kata kamba."

Shefu akaanza, "Komanda, ni mimi nili—" Wakamsukuma akaanguka juu ya magoti. Mimi panga mkononi, na miguu yangu inataka kukimbia, ninaisikia inataka. Ndipo nikamwona mama wa rafiki yangu ng'ambo, anatoka shambani na kitunga cha mihogo. Aliona bunduki. Hakusimama. Alipanda kilalo, akafika katikati, akasimama hapo.

"Mama, toka."

"Nimechoka. Napumzika."

"Toka, tunakata."

"Mukate. Mutoto wangu anabeba mizigo yenu. Na mimi basi, mutanibeba huko chini."

Maji yalikuwa yanapita tu. Komanda akanigeuzia bunduki.

"Petit, nilisema kata."

Niliinama polepole, nikaweka panga chini. Nikasikia sauti inasema, na ilikuwa yangu, "Komanda, hapana. Hii ni njia ya bagonjwa. Ni mimi niliijenga. Kama ni kosa, ni langu." Nikapanda kilalo, nikasimama nyuma ya yule mama. Ng'ambo walianza kufika wanawake wengine na mizigo yao. Walijipanga tu, kama watu wanaongojea zamu ya kuvuka.

Askari mmoja mzee akasema chini chini, "Komanda, tika, tubaache. Ni bamama."

Komanda alitema mate mtoni. "Batu ya msitu bakipita hapa, nitakutafuta wewe." Wakageuka, wakaenda. Nikaishika kamba kwa mikono miwili, nikaining'inia.

"Simama muzuri," yule mama akaniambia bila kugeuka. "Unatikisa kilalo."

Rafiki yangu alirudi mvua zilipokwisha. Mapigano yaliwatawanya karibu na Oicha, akatoroka kupitia mashamba ya kakao. Alikuwa mifupa, na hasemi. Nilikuwa nimemwambia shefu sitapokea cheo peke yangu, na kile kiegemeo kilikuwa bado hakijafungwa. Mama yake hakumwuliza kitu. Alimpa kamba, akampeleka mtoni. Tulikifunga pamoja, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Fundo yako ni mbaya." Tulipokea cheo pamoja, mbele ya watu wachache, na shefu akacheka na pengo lake.

Rafiki yangu leo yuko hapa kati yenu, na simwonyeshi kidole.

Namshukuru mama yule, ambaye Bwana amempumzisha. Namshukuru shefu. Namshukuru na yule askari mzee, popote alipo. Wasingya, asante, wasingya sana.

Na ninyi wazazi, najua baadhi yenu muna kijana amejifungia ndani, anaangalia ukuta. Mumwombee, ndiyo. Lakini musimwulize aliona nini huko, na musingoje apone ndipo mumpe kazi. Mukitoka hapa, mwingie chumbani kwake na kitu kizito mkononi, mumwambie ashike upande wa pili.