Mama Chomoa na Transfoma ya Mtaa

Fundi wa laini mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chomoa, alifariki dunia jioni ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1961, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo cha kupozea umeme, akiwa mtoto wa pili wa mlinzi wa kituo hicho, na alipenda kusema kwamba wenzake walibembelezwa kwa nyimbo, yeye kwa mngurumo wa transfoma. Alisoma shule ya msingi hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha ufundi, akiwa msichana pekee darasani, na mwaka 1981 akaajiriwa na shirika la umeme, akapanda nguzo hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 9 Novemba 1985 alifunga ndoa na fundi cherehani, ambaye alimwona mara ya kwanza akiwa juu ya nguzo mbele ya duka lake, akamwuliza kama anashuka leo au kesho, naye akamjibu kwamba inategemea aliye chini ana lipi la kusema. Walijaliwa watoto watatu, na mwaka 2022 kitinda mimba alifungua uani kwao kituo cha kuchaji pikipiki za umeme.

Mwaka 2023 mapafu yalianza kumshinda, na kuanzia Agosti 2024 aliishi kwa mashine ya oksijeni ya umeme, katika mtaa ambao transfoma yake ilifungwa enzi za taa na redio, na ambako sasa kila jioni pikipiki na magari yalirudi kutoka kazini yakachomekwa kwa pamoja, umeme ukashuka, mashine ikalia. Kitinda mimba alitaka kufunga kituo, mama akakataa, akisema riziki ya mtoto haizimwi kwa kikohozi cha mama. Akapanga zamu za kuchaji, mumewe akapita lango hadi lango kuwasihi majirani, na wapo waliomtania kwamba kesho hata kuwasha kiberiti kutahitaji kibali. Jina lake lilitokana na agizo moja: umeme ukikatika, chomoeni kwanza, maana ukirudi ukazikuta chaja zote zinausubiri, transfoma haitahimili.

Jioni ile umeme ulikatika. Mafundi, wenzake wa zamani, walifanya haraka kuurudisha kwa kuwa walijua nani yumo ndani, kitinda mimba alikuwa kitandani pa mama yake ameshika mtungi wa oksijeni wa akiba, fundi cherehani alikuwa barabarani akihangaikia gari, na majirani walikuwa wamejaa sebuleni wakiomba, hivyo hakuna aliyebaki kwake mwenyewe kuchomoa. Umeme uliporudi watu walishangilia, mashine ikawaka, kisha chaja zote, za uani mle zikiwemo, zikavuta kwa pamoja, transfoma ikalipuka. Mtungi uliisha njiani kuelekea hospitali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, mafundi wa shirika, na majirani, ambao inawaomba wasijilaumu, kwani walikuwa pale walipopaswa kuwa.

Transfoma mpya ilifungwa jana alasiri. Kabla haijawashwa, fundi cherehani alipita tena lango hadi lango, peke yake, na hakukuta chaja hata moja iliyochomekwa.

Pumzika, mama. Zote zimechomolewa.