Doña Griselda na Nukta Nyekundu

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Doña Griselda Huarachi anaiweka chini kamera ya gazeti letu baada ya kuibeba kwa miaka thelathini na moja. Alisema hataki hotuba. Nilipomwambia haya ni maandishi, si hotuba, aliinua uji wake mtamu wa mahindi ya zambarau na kunijibu, "Basi yawe mafupi, kikombe changu cha api kinapoa." Nitajaribu.

Sisi wa chumba cha habari tunamjua kwa koti lake la sufu, kwa mkate anaouficha kwenye mfuko wa lenzi, na kwa ubishi. Amepiga picha za mameya waliosinzia, za timu yetu ya mpira iliyoshuka daraja, ikapanda, ikashuka tena, na za mvua ya mawe iliyotoboa paa la soko. Tuzo aliyopewa kule La Paz sasa inazuia mlango wa bafu lake usijifunge. Lakini mji wetu wote wa Oruro unamjua kwa Karnivali, na ni Karnivali iliyompa jina la Doña Pembe.

Jina hilo lilitokana na kamera yetu ya kwanza iliyolenga yenyewe. Ukichungulia ndani yake unaona nukta kadhaa zimetawanyika, na moja huwaka nyekundu pale kamera ilipoamua kulenga. Muuzaji alimhakikishia kwamba hana haja ya kuchagua nukta, mashine ina akili. Akamwamini. Sasa, mashine ile ilitengenezwa na watu wasiowahi kumwona shetani wetu wa Karnivali akicheza, na kinyago chake chenye macho ya balbu, meno ya vioo, na pembe zinazoitangulia hata pua. Kamera ikiachiwa ijichagulie, hukimbilia kilicho karibu na kinachong'aa. Filamu ziliposafishwa tulikuta pembe zimetoka safi kabisa, na nyuma yake mji mzima umegeuka ukungu. "Doña Pembe, leo umetuletea ng'ombe wangapi?" walimtania mafundi wa mitambo. Naye alicheka nao.

Kicheko kilikwisha Agosti ya mwaka huohuo, alipokuja Doña Eulalia Colque. Mumewe Fermín, mchimba madini, alikuwa amecheza shetani Karnivali ile, mwaka wa tatu na wa mwisho wa nadhiri yake kwa Bikira Maria, kisha mapafu yakamuua majira ya baridi. Desturi tunaijua sote: mlangoni pa kanisa la Bikira wa Mgodini mchezaji huvua kinyago, kwa sababu mbele ya Bikira haingii mtu na uso wa shetani. Doña Eulalia alikuwa amesikia kwamba mpigapicha wa gazeti alisimama mlangoni pale. "Nyumbani picha zake zimejaa, dada, lakini zote ni kinyago," alisema. "Nautaka uso wake."

Picha ilikuwepo. Fermín amekivua kinyago, amekikumbatia kifuani, ameinua kichwa. Pembe inaonekana mpaka nyufa za rangi. Uso ni ukungu.

Griselda alimwambia ukweli papo hapo, wala hakumsingizia muuzaji. Doña Eulalia akaitazama picha. "Nipe hivyo hivyo," alisema. "Ukungu, lakini ni wangu." Akaifunga kwenye shali yake akaenda zake. Meza yangu inatazamana na ya Griselda, na siku ile hakuugusa mkate wake.

Tangu hapo hakuna kamera iliyowahi kumchagulia. Kidole gumba chake kimeota sugu kwa kusogeza nukta: moja tu, kwenye jicho, na jicho lenyewe liwe lile la karibu. Wapigapicha wote waliopita hapa wamekaripiwa kwa maneno yaleyale: "Mashine haijui humo ndani unampenda nani. Iambie!" Na zilipokuja kamera za kutambua nyuso, zikaanza kutambua vinyago kabla ya watu, alitutupia jicho tu na kuendelea kunywa api yake.

Kisha Abdón, mtoto wa Fermín, akakua na kukivaa kinyago cha baba yake. Nadhiri ni miaka mitatu, na Griselda alikuwa mlangoni yote mitatu. Mwaka wa kwanza mpiga tarumbeta alikatiza mbele yake. Wa pili ilinyesha, Abdón akaingia amejifunika nailoni hadi kichwani. Wa tatu, kijana alikuwa tayari na tiketi ya basi la Chile, anakwenda kutafuta kazi, na hakuna aliyejua angerudi lini. Griselda alisimama pale tangu alfajiri, akikataa kwenda hata chooni. Abdón akatokea katikati ya msitu wa pembe, akavua kinyago, akakikumbatia vilevile alivyofanya baba yake, akainua kichwa. Kidole gumba cha Griselda kikasogea. Nukta ikawaka juu ya jicho lake la kushoto, nalo lilikuwa limejaa machozi.

Picha ile haikutoka ukurasa wa kwanza. Mhariri alitaka pembe. Griselda aliipeleka mwenyewe kwa Doña Eulalia, nami nikamsindikiza. Mama yule aliipokea kwa mikono miwili. "Pua ya Fermín hii," alisema. "Na machozi yake ndiyo haya haya. Alikuwa akilia huyo bwana, akidhani simwoni!" Leo picha zote mbili zimetundikwa ukutani kwake, bega kwa bega. Huwaambia wageni kwamba akishaitazama ya mtoto, ile ya baba nayo inamfungukia.

Doña Griselda, tunakushukuru, na tunakupenda, pamoja na ubishi wako. Tunakutakia afya njema, usingizi wa asubuhi, na api isiyopoa. Abdón ameandika kwamba Karnivali ijayo anarudi kucheza. Doña Eulalia ameshakuwekea nafasi kwenye benchi lake pale mlangoni, na blanketi juu, na ameniagiza niliandike hili neno kwa neno: "Mwambie dada kamera aiache nyumbani. Mwanangu akivua kinyago, safari hii nataka tumtazame sote wawili."