Mama Nundu Anastaafu, na Sisi Hatuna Uso wa Kumtazama

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtafiti wetu wa mifugo anastaafu baada ya kukitumikia kituo hiki miaka thelathini na mmoja. Sote tunamwita Mama Nundu, naye huitika.

Alianza kazi wakati mazizi yetu yamejaa ng'ombe wa nchi za baridi, ambao kila kiangazi walihema ulimi nje. Ni yeye aliyetueleza sababu, tukaelewa hata sisi wa uhasibu. Ng'ombe hao mafuta yao yametandaa chini ya ngozi mwili mzima, kama mtu aliyejifunika blanketi saa saba mchana. Wale wa nundu huyaweka mengi nunduni na ndani ya tumbo, joto likapata pa kutokea. Wafugaji wengi wamechagua mbegu kwa ushauri wake. Mhasibu mmoja mnene, ndiye anayeandika haya, aliwahi kuamriwa akae kivulini kwa sababu mafuta yake ni ya nchi za baridi.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, alikataa makochi. Aliomba ng'ombe mmoja mzee wa nundu aliyemlea tangu ndama, ili akaishi naye nyumbani. Tulikubali kwa makofi.

Sasa aibu. Kamati ya sherehe, nami nimo, ilimwambia mchinjaji achague ng'ombe wa karamu aliyenona kuliko wote. Hakuna aliyekumbuka kumtahadharisha asimguse yule mzee wa nundu. Mchinjaji akaona nundu kubwa, basi, akajua amempata. Miaka yote hiyo tumefundishwa kwamba nundu si unene, na siku ya kusema tulinyamaza.

Mama Nundu alifika asubuhi na majani mkononi, akakuta ngozi ya ng'ombe wake imeanikwa. Hakutugombeza, na afadhali angetugombeza. Alikunja mikono ya koti, akawaita wafanyakazi wapya, akawaonyesha kwa kidole: mafuta haya hapa nunduni, haya karibu na figo, chini ya ngozi karibu hakuna. Sisi wa kamati tulitazama viatu vyetu.

Nyama hiyo tumeizika. Ijumaa kutakuwa na chai tu. Kama atakuja hatujui, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mama Nundu, asante kwa kazi yako yote. Tunakuombea uzee wenye afya na raha. Usipokuja, tutakuletea shukrani hizi nyumbani, tuzisemee mlangoni, na hatutatarajia kukaribishwa ndani.