Kikohozi cha Kaka Kijiti

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kijiti, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Jina hilo lilitokana na njiti ya kiberiti aliyoipachika nyuma ya sikio tangu utotoni. Haikuwa na kazi yoyote. "Baba anaweka penseli," alisema, "mimi sina penseli."

Alisoma hadi darasa la saba, kwa kusukumwa. Mwaka 1983 aliajiriwa katika kituo cha kulea sokwe yatima. Mtafiti wa pale alikuwa na kisanduku cha karanga, na kabla ya kukifungua alikigonga juu, bure tu. Watoto wa majirani walipopewa zamu, wote waligonga kwanza. Sokwe hawakugonga, walifungua tu wakala. Kaka alicheka hadi akatoa machozi.

Baada ya miaka mingi, sokwe jike mzee kuliko wote alionekana na kijiti cha nyasi nyuma ya sikio, kisha wenzake wakafuata. Kaka alitamba nalo mtaa mzima. Mtafiti hakufurahi. "Wamekaa na wewe mno," alimwambia. "Wakiiga hata visivyo na faida, tutajuaje kinachowasumbua?"

Mwaka 1988 alimwoa wifi yangu, muuguzi, aliyeivumilia harufu ya vizimba bila kununa. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka jana alianza kukohoa, akiinama na kujipiga kifua kwa ngumi. Wifi alimkataza kwenda kazini. "Ni vumbi tu, mama," alijibu, akaenda. Punde sokwe nao wakawa wanakohoa, wakiinama na kujipiga vifua. Daktari wa wanyama alikiri hajui kama wanaumwa au wanaiga.

Kaka alilazwa hospitali akiwa na swali moja. "Wananiiga, sivyo?"

"Wanakuiga, kaka," tulimjibu. "Pumzika."

Yule jike mzee alikufa wiki moja kabla yake. Hatukumwambia.

Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 19 Agosti. Ameacha mjane, binti, sisi dada zake wawili, na mjukuu wa miaka minne.

Hili halimo kwenye karatasi mlizoshika. Tangu juzi mjukuu anakohoa akiinama na kujipiga kifua, babu yake mtupu. Msiba mzima tulicheka, nami nilicheka. Wifi hakucheka. Leo amembeba tangu alfajiri, kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, na hataki mtu awasogelee.

Kaka yetu alale kwa amani. Sisi tuliobaki, Mungu atuangalie.