Mashuka ya Mama Mkwe

Ndani ya basi, mama mtu mzima aliyeketi kando ya fundi cherehani alimuuliza mashuka aliyopakata ni ya nani, akaambiwa ni ya mama mkwe, amepooza.

"Si umesema mwanawe alikuacha?"

"Talaka alinipa mwanawe, mama. Yeye hakunipa."

"Sasa unapata nini?"

"Masimango. Eti sijui kufua." Fundi alicheka, ila macho yake hayakucheka. "Lakini nikigusa mlango tu, anaita, 'Ni wewe?' Nisipokwenda, atamwita nani?"

"Na mwanawe?"

"Hupiga simu kila mwezi. Huniuliza kama mama bado yupo."

Basi likasimama. Yule mama akainuka taratibu, akishikilia viti.

"Wangu pia hupiga simu," akasema, akashuka.