Papa Isidore Anastaafu, na Darasa Halina wa Kulipokea

Papa Isidore Okito alianza kufundisha viongozi wa sendika, chama chetu cha wafanyakazi, hapa Kindu tarehe 4 Machi 1991. Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne. Kamati imeniomba mimi, Odette Salumu, karani wa ofisi yake tangu 1997, niandike wasifu wa kusomwa kwenye sherehe, na ikanisihi uwe wa kuchangamsha watu. Nitajaribu. Lakini sote tunajua kwamba kesho yake hakuna mtu wa kusimama mbele ya ule ubao, na hilo ndilo linalomnyima mzee wetu usingizi. Kustaafu kwenyewe hakumsumbui.

Ni mwana wa Lokandu, na kabla ya sendika kumchukua alikuwa karani wa stesheni. Mafunzo yake yalichukua siku sita, kila siku somo moja: kuongoza kikao, kuandika ripoti ya kikao, kusoma mkataba wa kazi, kujadiliana na mwajiri, kutunza mafaili, na mwisho kumwandaa atakayekupokea. Madelege, yaani wale wanaochaguliwa na wenzao kuwasemea kwa mkubwa, walikuja kutoka reli, bandari, hospitali na shule, wengine kwa treni toka Kibombo. Hilo somo la mwisho alilifundisha vizuri kuliko yote. Yeye mwenyewe limemshinda.

Tulicheka sana katika darasa lile, nisiseme uongo. Alikuwa na saa ya kengele mezani, na aliyezidisha dakika tatu alikatwa maneno, hata mgeni rasmi mmoja aliyekuja na hotuba ya kurasa kumi na moja. Siku nyingine alimpa Anaclet wa bandarini aigize bosi ili wenzake wajifunze kujadiliana naye. Anaclet akanogewa. Kufika saa tano alikuwa amefukuza kazi darasa zima, na mwalimu pia, na kumrudisha katika udelege wake ilikuwa kazi.

Kwenye ripoti ya kikao Papa Isidore hakuwa na mchezo. Ilipaswa kubeba majina ya wote waliohudhuria, kazi ya kila mmoja, avenyu anayokaa na namba ya nyumba, kisha sahihi. Nakala ilipelekwa kwa mkubwa wa kazi, naye alitia sahihi kwamba ameipokea. Mwalimu hakuandikwa wala hakusaini kamwe, maana yeye si delege. Karatasi isiyo na majina, alisema, ni uvumi. Na utaratibu huo ulifanya kazi: mwaka 1995 watu wa kivuko walipata makoti ya mvua waliyoyalilia miaka minane, kwa karatasi moja tu yenye majina ishirini na mawili.

Kisha vita. Mwaka 2000 mji ulikuwa mikononi mwa wanajeshi, treni haifiki, na watu wa bandari walikuwa wanashurutishwa kupakua mizigo toka asubuhi mpaka jioni bila hata chakula. Madelege wakakutana Alunguli, ng'ambo ya mto, kupinga hilo, watu kumi na tisa. Papa Isidore alikuwepo, amekaa nyuma kama kawaida yake. Walifanya kila kitu sawasawa na somo. Henri aliongoza kikao, Rémy akaandika, na mimi nikapiga ripoti kwa mashine, majina kwa herufi kubwa, na avenyu, na namba ya nyumba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikaona fahari kwamba sikukosea hata herufi moja.

Nakala wakaipeleka kwa komanda, maana kwa wakati ule ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiri mara mbili, wala mwalimu. Komanda aliwapokea kwa heshima, akatia sahihi, akaandika tarehe. Madelege walirudi wanacheka: miaka yote hiyo, mkubwa wa kwanza kupokea karatasi bila matata! Tulikunywa chai ofisini kwa furaha.

Kesho yake asubuhi wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba wakifuata karatasi yetu. Hawakuhitaji kumuuliza mtu njia.

Papa Isidore aliposikia, alivaa koti lake la kufundishia akaenda kambini kwa miguu. Aliwaambia kwamba wale watu hawana kosa, yeye ndiye aliyewafundisha, basi wamchukue yeye. Askari wa mlangoni alitazama orodha kutoka juu hadi chini, bila haraka, akamrudishia jibu: "Jina lako haliko hapa. Enda nyumbani." Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Jibu lilikuwa lile lile. Baada ya siku kumi na moja waliachiliwa watu kumi na watano. Henri, Rémy, Gédéon na Okende hatukuwaona tena, na hata walikozikwa hatujui.

Vita ilipoisha alifungua darasa upya. Watu walikuja, wakasikiliza, lakini orodha ya mahudhurio ilipopitishwa iliwafikia watu wa nyuma ingali nyeupe. Makao makuu huko Kinshasa yalidai majina ndipo yatoe vyeti. Majina hayakupatikana, vyeti havikuja, na viti vikapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2009 Mama Geneviève, mjane wa Rémy, aliingia darasani akakaa siku nzima. Jioni alisimama akamuuliza: "Papa Isidore, uliwafundisha kuandika majina. Na kukimbia, uliwafundisha?" Mzee alifuta ubao, akaja asubuhi yake akaanza somo la pili mbele ya watu wanne.

Wengine wanamwita mkaidi. Mimi naona alikuwa anangoja mtu mmoja tu wa kumkabidhi chaki, ili ijulikane kwamba wale wanne hawakufa kwa ajili ya kitu cha bure. Blanchard wa Kibombo alikubali mwaka 2018, kisha akaomba muda wa kufikiri, na sasa yuko Pangi anachimba madini. Mimi aliniomba mara tatu. Mara tatu nilikataa, na alijua sababu, kwa hiyo hakuniuliza. Vidole vilivyopiga majina yale ni hivi hivi ninavyoandikia sasa.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunafunga mafaili kwa kamba. Usiku uliotangulia nilikuwa nimefikiri sana, nikamwambia Mungu kwamba safari hii mzee akiniomba nitakubali, hata kwa woga. Nilimsubiri aseme. Alifunga faili la mwisho, akakaa, akaniambia taratibu: "Mama Odette, ulifanya muzuri kukataa. Miye pia ningekataa."

Jibu langu nilikuwa nalo mdomoni. Sikulitoa. Nilimwona amechoka, nikashukuru kwamba hakuniomba. Nayasema haya mbele yenu nyote kwa sababu nina aibu.

Papa Isidore, asante kwa watu wa kivuko, asante kwa kengele yako, asante kwa kwenda kambini siku tatu. Sisi wa ofisi hii tunakuombea huko Lokandu afya, samaki wabichi, wajukuu wenye adabu, na usingizi mzito. Ufunguo wa darasa nimeurudisha kwa kamati. Wameuliza wampe nani, na mimi nilikuwepo nikanyamaza.