Beki wa Kibua na Ukuta wa Mushaki

Mbele ya duka la Karangwa mushona nguo, pale Mushaki ambapo barabara ya Masisi inapinda kabla ya kuingia sokoni, palikuwa benchi moja refu la mbao. Mama Généreuse aliuzia kahawa pale, katika vikombe vya bati, na kila siku ya soko wanaume walikaa hapo kukata mambo ambayo hakuna aliyewaomba wayakate. Mwaka huo wa hamsini na sita, Jumanne moja ya baridi na ukungu, walikunywa wakiangalia vidole vya miguu yao. Jumapili iliyopita, baada ya misa, timu ya Mushaki ilikuwa imefungwa kwao nyumbani, mbele ya wake zao na wakwe zao, na timu ya kambi ya madini ya Omate. Bao moja tu, la coup franc, ule mupira wa adhabu. Na wageni wale walipanda kamio lao, lori la kambi, wakiimba mpaka ng'ombe wakatoka njiani.

Aliyeanza ni Karangwa mwenyewe. Watu walimwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu hakuna kesi aliyoiacha ipite bila kuisemea. Alisimamisha mashini yake, akageuka.

— Mimi ninasema hivi. Penye miti hapana wajenzi. Ule beki anatoka pori, miti imejaa kwao, lakini kujenga ukuta hajui.

Beki aliyesemwa ni Polycarpe, kijana wa Kibua, kule Walikale. Sebarenzi, kapiteni wa timu, alimwona akicheza siku ya sikukuu huko Masisi, akampenda, akamleta Mushaki mwenyewe. Mechi ile ya Jumapili ndiyo ilikuwa ya kwanza kwake na timu. Kabla yake, kwenye benchi hili hili, walimsifu siku nne mfululizo. Walisema ana kifua kama mlango wa kanisa. Sasa hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba naye alisema.

Sebarenzi, ambaye hata mke wake alimwita Kapiteni, alishuka kwenye benchi, akachuchumaa. Alichukua vikombe vinne, akavipanga chini kwa mstari, akaweka kokoto mbele yao. Akaeleza polepole, kama mtu anayejitetea mbele ya chifu: coup franc ikiwa karibu, watu wanne wanafanya ukuta, ukuta unafunga upande mmoja, golikipa anafunga mwingine, na ukuta ukisogea, unasogea wote pamoja. Jumapili watatu walisogea kushoto. Wa nne, yule kijana, akabaki amesimama. Mupira ulipita katikati yao kama mbuzi anayerudi kwake.

Mama Généreuse akainama, akatoa kikombe kimoja kwenye ukuta ule, kwa maana mteja alikuwa anangoja.

— Njo ile shimo, Avoka akasema, ndiyo hiyo hiyo ya Jumapili.

Hapo kila mtu akaleta sababu yake. Mzee mmoja mfuga ng'ombe alisema kijana aliogopa, alimwona akifunika uso. Avoka akasema hapana, jambo ni kubwa kuliko woga: Omate iko Walikale, Kibua iko Walikale, hawa ni ndugu, na ndugu wameuziana mechi. Mwingine akaongeza kwamba Jumapili asubuhi mtu wa Omate alionekana akimpa kijana kitu kilichofungwa katika jani. Kilikuwa nini? Hakujua, lakini jani alisikia habari zake. Na yule mzee wa ng'ombe, kwa kuona sababu yake ya woga imepitwa, akasema watu wa pori wakitahiriwa wanakatazwa kugusana mabega na mwanaume asiye wa kwao. Ndiyo maana alijitenga na ukuta. Avoka alilipenda neno hilo kuliko hata lake. Akasema basi kosa ni la kijana zaidi, kwa sababu mugeni ni siku mbili, ya tatu mupatie jembe, na kufika Jumapili siku ya tatu ilikuwa imeshapita.

Benoît peke yake alikuwa bado hajasema. Alikuwa katekista, na kwa kuwa siku za mechi alishika bendera pembeni ya uwanja, walimwita Bendera. Alizungusha kikombe chake mikononi.

— Kapiteni, akasema, mimi nilikuwa karibu. Ulipotaka ukuta usogee, ulisema «ibumoso».

— Nilisema kushoto.

— Ulisema kwa Kinyarwanda. Batatu balisikia. Ule mwingine, kwao Kibua nani anasemaka Kinyarwanda?

Sebarenzi alisema kapiteni akipiga kelele hata mbuzi anaelewa. Benoît akaendelea, kwa sauti ya chini, kwamba kuna kitu kingine: mupira ulipopita, wale watatu walisimama wakitazama, na golikipa pia alitazama, ni yule mugeni aliyegeuka na kuukimbilia, akajitupa, akagonga mti wa goli kwa mguu.

Walikumbuka. Uwanja mzima ulicheka pale. Avoka akacheka tena kidogo, akasema, njo vile, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yule mzee wa ng'ombe akasema shauri ni la mama yake, maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya mlango wa duka. Hawakujua amefika saa ngapi. Alikuwa na matope mpaka magotini, kikapu mgongoni kikiwa kimeshikwa na kamba kwenye paji la uso, kama wanavyobeba watu wa Walikale. Mama Généreuse alimpa kiti kabla ya kumuuliza kitu. Mwanamke akasema asante, akatua kikapu, akasalimia kila mmoja kwa mkono, akainama kidogo.

— Miye ni Mama Agathe, wa Kibua. Mama ya Polycarpe.

Mzee wa ng'ombe akaangalia barabara. Avoka akarudi kwenye mashini yake na kushika kitambaa ambacho hakikuwa na kazi.

Mama Agathe akasema amekuja kumwona mtoto akicheza, lakini mvua ilimchelewesha njiani, ameambiwa mechi imekwisha. Akafungua kikapu. Alikuwa na ndizi, na nyama iliyokaushwa kwa moshi, na chupa ya asali iliyofungwa kwa jani la mugomba. Chupa hiyo akaishika peke yake.

— Hii njo ya nyumba yenye kumulaza mutoto wangu. Analala kwa nani?

Ni swali dogo. Mtu yeyote wa Mushaki angeulizwa mgeni wa kijiji analala wapi, angenyoosha kidole bila kusimama.

Benoît alisema yeye alifikiri kijana yuko kwa Kapiteni. Avoka alisema alifikiri yuko misioni, kwa Benoît. Mzee wa ng'ombe akasema, pengine alirudi na kamio la Omate.

— Kamio tulikutana nalo Masisi, Mama Agathe akasema. Nilibauliza. Balisema: tulimuacha na bantu bake.

Mzee akasema basi amerudi nyumbani kwa miguu.

— Barabara iko moja, Papa. Mimi ninatoka mule. Singepishana na mutoto wangu.

Sasa Benoît alikuwa anamtazama Sebarenzi, na si kwa jicho zuri. Jumapili jioni, bendera ikiwa bado mkononi, alimsikia Kapiteni akimwambia kijana mbele ya watu: kwangu usikanyage tena. Alifikiri ni hasira ya mechi, itapoa kabla ya chakula. Kumbe Sebarenzi alikwenda kunywa pombe ya mtama, akarudi kulala, na asubuhi akaona furushi la kijana nyuma ya mlango. Siku ya pili akaliona tena. Alijiambia: amekimbia kwa haya, atatuma mtu. Mke wake alimuuliza, naye akamkalipia.

— Mama, Sebarenzi akasema, vitu byake biko kwangu.

— Na yeye?

Sebarenzi akaanza kukusanya vikombe vilivyobaki chini.

Ni Mama Généreuse aliyesema. Jana yake Mukashema, mjane anayekaa juu kabisa ya mlima, karibu na malisho, aliteremka kuomba chumvi na majani ya kukanda mguu. Mukashema anaishi peke yake, na miguu yake mizima. Alipanda ule mlima kama mbuzi. Généreuse alikuwa na wateja, hakuuliza.

Walipanda wote, hata Avoka aliyeacha duka wazi. Vijana wawili wa sokoni walichukua ngobyi, kile kitanda cha kusuka cha kubebea wagonjwa. Mama Agathe alitangulia, ingawa njia hakuijua. Hakuna aliyesema juu ya mpira.

Polycarpe alikuwa amelala kwenye mkeka katika nyumba ya ndama, mguu umefungwa kwa vijiti na kitambaa cha zamani cha kanisani. Ulikuwa umevimba na kuwa mweusi mpaka kwenye goti. Mukashema alisema alimkuta Jumapili jioni amekaa chini ya mti, mvua ikimnyeshea, na alipomuuliza ni mtu wa nani alisema hajui, basi akamwegemeza begani mpaka hapa. Mama yake alipiga magoti, akamshika kichwa. Hakulia. Akamfungulia Mukashema chupa ya asali, akaiweka mikononi mwake, basi.

Kijana alipomwona Sebarenzi mlangoni alijaribu kukaa, kwa heshima.

— Kapiteni, munisamehe. Mulisema neno moja pale kwa ukuta, sikulijua. Ningelijua, ningesogea.

Sebarenzi alivua kofia. Alisimama hivyo mlangoni, akizuia mwanga, mpaka Benoît akamvuta pembeni kidogo. Baadaye, kwa sauti ambayo watu wa benchi hawakuwahi kumsikia nayo, alimwambia Mama Agathe kwamba ngobyi iko tayari. Watamteremsha kijana nyumbani kwake yeye Kapiteni, atalala kwenye kitanda chake, na munganga wa misioni ataitwa.

Mama Agathe alisikiliza mpaka mwisho.

— Munganga apande huku, akasema. Mutoto atabaki penye walimufungulia mulango.

Hakusema kwa hasira. Ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumbishia.

Wakateremka. Sebarenzi mwenyewe alishika mti wa mbele wa ngobyi, Benoît wa nyuma. Sokoni watu waliona ngobyi inakuja, wakasogea kando na kuvua kofia, kama wanavyofanyia mgonjwa au maiti, na wanawake wakawanyamazisha watoto. Ikapita katikati yao, na mmoja mmoja wakaona kwamba ni tupu.